Utafiti unavyozuia majeraha na kulinda wagonjwa

MAJERUHI wa ajali ya bodaboda katika wadi ya Bokoli, eneobunge la Webuye Magharibi, Kaunti ya Bungoma, hukabiliwa na hatari mbili. Ya kwanza ni ajali yenyewe. Ya pili ni madhara yanayoweza kumpata akiwa tayari mikononi mwa wahudumu wa afya: dawa isiyo yake, damu isiyolingana na yake, kidonda kuingia viini, au kucheleweshwa kupelekwa Webuye, Bungoma, Kitale au Eldoret.

Hatari hizo mbili ndizo kiini cha taaluma ya kuzuia majeraha na usalama wa wagonjwa, ambayo wanafunzi wa shahada za uzamili na uzamifu huifanyia utafiti.

Ajali si kudra

Msingi wa taaluma hii ni kwamba majeraha yana chanzo kinachoweza kuchunguzwa, sawa na malaria au kipindupindu. Daktari William Haddon wa Marekani aliigawa ajali katika vipindi vitatu: kabla, wakati wa tukio, na baadaye. Katika kila kipindi, mtafiti huangalia mtu, chombo na mazingira.

Kwa bodaboda, kipindi cha kwanza huhusu mafunzo ya mwendeshaji, breki, taa na hali ya barabara. Cha pili huhusu kofia ya kujikinga. Cha tatu ni huduma ya kwanza na usafiri wa kufika hospitalini.

Suala hili lilipata uzito nchini Kenya baada ya serikali kuondoa ushuru wa thamani kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, hatua iliyochangia kuenea kwa bodaboda vijijini. Mwaka huo huo, uchambuzi wa tafiti nyingi za kimataifa ulionyesha kwamba kofia hupunguza uwezekano wa kufariki kwa asilimia 42 na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69.

Hatari wodini

Kuhusu usalama wa wagonjwa, utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulipitia faili zaidi ya 15,000 za wagonjwa katika mataifa manane, Kenya ikiwemo. Takriban wagonjwa wanane katika kila 100 walikuwa wamedhuriwa na huduma yenyewe, na zaidi ya asilimia 80 ya visa hivyo vingeweza kuzuilika.

Kenya ilishuhudia hatari hiyo mwaka 2018, pale mgonjwa alipofanyiwa upasuaji wa kichwa kimakosa katika Hospitali Kuu ya Kenyatta, baada ya vitambulisho vya wagonjwa wawili kuchanganywa.

Mwaka huo huo, Mahakama Kuu mjini Bungoma iliamuru mwanamke aliyejifungulia sakafuni katika hospitali ya wilaya mwaka 2013 alipwe fidia ya Sh2.5 milioni. Uamuzi huo ulidhihirisha kuwa usalama wa mgonjwa hauhusu dawa na visu tu, bali pia vitanda, wauguzi wa kutosha na utu.

Suluhisho si lazima liwe ghali. Orodha ya ukaguzi kabla ya upasuaji, yenye hoja 19, ilijaribiwa katika miji minane, ukiwemo Ifakara nchini Tanzania. Matokeo ya mwaka 2009 yalionyesha vifo vikipungua kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8.

Nafasi ya vyuo

Magharibi mwa Kenya, Chuo Kikuu cha Moi kilianzisha shahada ya uzamili ya tiba ya familia mwaka 2005, na hospitali ya Webuye ikawa miongoni mwa vituo vya kuwafunzia madaktari hao. Mpango wa aina hiyo humweka mtafiti karibu na wagonjwa wa vijijini.

Kabla ya kukusanya takwimu, mwanafunzi huhitaji idhini ya kamati ya maadili pamoja na kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi. Majina ya wagonjwa huhifadhiwa kwa siri.

Tatizo kubwa huwa ni rekodi. Daftari la wagonjwa likiandikwa "ajali" pekee, halitaji saa, barabara wala kama majeruhi alivaa kofia. Aidha, mhudumu anayeogopa kuadhibiwa huficha kosa, na kosa lililofichwa hurudiwa. Ndiyo maana wataalamu, akiwemo James Reason wa Uingereza, walisisitiza kurekebisha mfumo badala ya kutafuta wa kulaumiwa.

Tasnifu inayoishia kwenye rafu za maktaba haimfaidi majeruhi. Matokeo yakirudishwa katika kituo kilichotoa takwimu, pamoja na idara ya afya ya kaunti, yanaweza kuamua mahali pa kuweka matuta barabarani, zamu ipi iongezewe wauguzi, na mgonjwa yupi asafirishwe mapema.