Majina Yaliyopita na Roho Inayobaki

Jubilei si siku ya kula na kucheza tu. Ni siku ya kuhesabu pia. Wapendwa wakristu, nanyi mapadri wageni wetu, tutazame basi historia ya Kisangani kwa macho ya imani, tuulize: ni mambo gani yaliyopita, na ni yapi yaliyobaki?

Mbele ya wote walikuwapo wavuvi. Wagenya waliweka mitego yao katika maporomoko, nao wanaiweka hata leo. Mwezi wa Januari 1877 akapita Stanley. Mwaka 1883 alirudi, akaacha kituo, na baadaye mji ukaitwa kwa jina lake. Mwaka 1887 mfalme Leopold II alimfanya Tippu Tip, mfanya biashara wa Zanzibar, kuwa liwali wa Stanley Falls. Mmoja alitafuta pembe na watumwa, mwingine pembe na mpira. Bendera zao zilikuwa mbalimbali, lakini tamaa ilikuwa moja. Tippu Tip alikwenda zake, akafa Zanzibar mwaka 1905. Leopold naye, Kongo ilimtoka mkononi mwaka 1908, na mwaka uliofuata akafa.

Katikati ya wakubwa hao, mwaka 1897, alifika padri mmoja Mfaransa, Gabriel Grison, wa shirika la Mapadri wa Moyo Mtakatifu, aliyekuwa amekwisha kufanya kazi Ecuador. Hakuwa na jeshi. Alianzisha misioni ya Saint-Gabriel. Mwaka 1908 akawa askofu, akaongoza kundi lake hata 1933.

Lakini tusidanganyane: Eklezia nayo ilijaribiwa. Mwaka 1906 Vatikani ilipatana na serikali ya Leopold; misioni zikapewa mashamba, nazo zikaahidi shule. Watoto wengi walijifunza kusoma, na kwa hilo tunashukuru. Lakini watu wengi hawakuweza tena kupambanua padri na Bula Matari.

Ndipo ukaja mwaka 1964. Mwezi wa Agosti Wasimba walishika mji. Mwezi wa Novemba askari wa Ubelgiji walishuka toka angani. Damu nyingi ilimwagika, ya Wakongo na ya wageni, na mapadri na masista wengi waliuawa. Huko Isiro, tarehe 1 Desemba, Sista Anuarite alikufa akimsamehe aliyemwua. Utawala wa Wasimba katika mji wetu haukutimiza miezi minne. Anuarite alitangazwa Mwenye Heri mwaka 1985, na watoto wetu wanaitwa kwa jina lake.

Mwaka 1966 Stanleyville iliitwa Kisangani. Tena akaja mkubwa mwingine aliyetaka kutawala hata majina: mwaka 1972 Mobutu alikataza majina ya Ubatizo, mwaka 1974 Noeli haikuwa tena siku ya kupumzika, na shule zetu zikachukuliwa. Shule zilirudishwa mwaka 1977, na Mobutu mwenyewe alikimbia nchi mwaka 1997. Mwezi wa Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana siku sita katikati ya nyumba zetu, na almasi zilikuwamo katika ugomvi huo. Nao walikwenda, makaburi yalibaki.

Kumbe, nani aliyeshika imani miaka hiyo yote? Ni mama aliyefundisha watoto ishara ya msalaba jikoni, na katekista aliyekwenda kwa miguu kuongoza sala pahali pasipo na padri. Majina yao hayamo katika vitabu.

Basi tujihukumu wenyewe. Kujenga si dhambi. Mvua inanyesha, na kanisa linahitaji mabati. Lakini mtu akitoa mabati kumi ili apewe kiti cha mbele na jina lake liandikwe ukutani, anafuata njia ile ile ya Stanley. Jubilei ya simenti itapasuka pamoja na simenti. Tupatanishe jumuiya zinazogombana, tutembelee wafungwa, tulipe karo ya yatima. Kazi hizo Roho mwenyewe atazilinda, hata majina yetu yatakapokuwa yamesahauliwa.