Mvinyo wa Porto aina ya Tawny: Umri wake huhesabiwa kwenye pipa, si kwenye chupa

Mnunuzi anayelipa bei kubwa kwa chupa kuukuu ya mvinyo wa Porto aina ya Tawny, akiamini kwamba kadiri ilivyokaa ghalani ndivyo ilivyopanda thamani, anaweza kupoteza fedha zake. Mvinyo huu hukomaa ndani ya pipa. Ukishatiwa kwenye chupa, kazi ya kukomaa huwa imekwisha kwa sehemu kubwa.

Jambo hili huwachanganya wengi kwa sababu aina nyingine ya mvinyo wa Porto, iitwayo Vintage, hufuata kanuni iliyo kinyume kabisa.

Asili ya mvinyo huu

Mvinyo wa Porto hutengenezwa kwa zabibu za bonde la mto Douro, kaskazini mwa Ureno, eneo ambalo mipaka yake iliwekwa kisheria mwaka 1756. Wakati juisi ya zabibu ingali inachachuka, huongezwa spiriti ya zabibu yenye kilevi cha asilimia 77. Spiriti hiyo husimamisha uchachukaji, sehemu ya sukari hubaki, na matokeo yake ni mvinyo mtamu wenye kilevi cha kati ya asilimia 19 na 22.

Vintage hutiwa kwenye chupa mapema, kati ya mwaka wa pili na wa tatu baada ya mavuno, bila kuchujwa. Huendelea kubadilika humo kwa miongo kadhaa na kuacha mashapo mazito.

Tawny hubaki kwenye mapipa ya mbao yenye ujazo wa takriban lita 550, ama huko Douro ama katika maghala ya Vila Nova de Gaia, mji unaotazamana na Porto ng'ambo ya mto. Hewa kidogo hupenya kwenye mbao mwaka baada ya mwaka. Wekundu hufifia na kuwa rangi ya kahawia, na ladha ya matunda mabichi hugeuka kuwa ya lozi, tini zilizokauka, karameli na ganda la chungwa.

Gharama ya kusubiri

Kukaa kwenye pipa kuna gharama. Kiasi cha mvinyo hupotea kila mwaka kwa kugeuka mvuke, na makadirio ya kawaida ni kama asilimia 2. Kwa kiwango hicho, pipa la lita 550 lisiloongezwa kitu hubaki na takriban lita 367 baada ya miaka 20, na lita 245 baada ya miaka 40. Hii ni sababu mojawapo ya Tawny ya miaka 40 kuuzwa kwa bei kubwa kuliko ya miaka 10.

Chupa haina hasara hiyo, lakini pia haimpi mnunuzi kile anacholipia. Ndiyo maana wazalishaji wengi huacha mvinyo kwenye mapipa na kujaza chupa kwa awamu, kulingana na oda zinazoingia.

Kinachotokea ndani ya chupa

Tawny huchujwa kabla ya kutiwa kwenye chupa. Kwa kuwa imekwisha kukutana na hewa kwa miaka mingi, mabadiliko makubwa ambayo chupa ingeweza kuleta yamekwisha kutokea. Sukari na kilevi huilinda, hivyo si rahisi igeuke siki. Inachopoteza ni uchangamfu: harufu hupungua nguvu, ladha ya matunda yaliyokauka hufifia, na mvinyo huwa mzito na bapa kinywani.

Ushauri wa kawaida ni kuinywa ndani ya miaka michache tangu ilipotiwa kwenye chupa. Zile za miaka 20 na zaidi kwa kawaida huvumilia kwa muda mrefu kuliko za miaka 10.

Hata hivyo, chupa ya zamani si lazima iwe imeharibika. Ikifunguliwa inaweza kutoa harufu nzito ya kitu kilichofungiwa, ambayo mara nyingi hupungua mvinyo ukimiminwa kwenye chombo kingine na kuachwa kwa saa moja au mbili. Wapo pia wanywaji wanaopenda ulaini wa chupa hizo. Lakini hilo ni suala la upendeleo wa mtu, si sababu ya kuhesabu miaka ya chupa kama miaka ya umri.

Jinsi ya kusoma lebo

Lebo ya Tawny yenye umri huonyesha miaka 10, 20, 30 au 40, na baadaye daraja la miaka 50 liliongezwa. Namba hiyo haimaanishi kwamba kila tone lina umri huo. Ni mchanganyiko wa mivinyo ya miaka tofauti, na waonjaji wa taasisi ya serikali inayosimamia mvinyo wa Porto na Douro, IVDP, huamua kama una sifa za daraja linaloombwa.

Colheita ni Tawny ya mavuno ya mwaka mmoja, iliyokaa kwenye mbao kwa angalau miaka 7. Hapa ndipo kosa la bei hutokea kwa urahisi. Chukua chupa mbili za mavuno ya 1968. Moja ilijazwa mwaka 1978, nyingine mwaka 2018. Ya kwanza ilikaa kwenye pipa miaka 10, ya pili miaka 50. Mwaka wa mavuno ni mmoja, bidhaa ni mbili tofauti.

Kwa hiyo tarehe muhimu ni mwaka wa kujazwa chupa, ambao sheria inataka uandikwe kwa Tawny zenye umri na kwa Colheita. Mara nyingi huwa kwenye lebo ya nyuma, karibu na neno la Kireno "engarrafado", yaani iliyotiwa kwenye chupa.

Uhifadhi na biashara

Chupa nyingi za Tawny zina kizibo kifupi chenye kofia ya plastiki au mbao. Hizo husimamishwa, hazilazwi. Zihifadhiwe mahali penye ubaridi na giza. Zikifunguliwa hudumu kwa wiki kadhaa, hasa kwenye jokofu.

Joto huharakisha uzee. Wafanyabiashara wa Ureno wanalijua hilo kwa muda mrefu: mvinyo uliohifadhiwa Douro, ambako kiangazi ni kikali, huzeeka haraka kuliko ule wa Gaia, karibu na bahari ya Atlantiki. Kwa mwagizaji wa Mombasa au Dar es Salaam, kontena lililokaa juani bandarini ni hatari kuliko safari yenyewe.

Katika mfumo wa kimataifa wa ushuru wa forodha, mvinyo huu huingia chini ya namba 2204, pamoja na mvinyo mwingine wa zabibu. Namba hiyo haitofautishi chupa iliyojazwa mwaka jana na ile ya miaka 30 iliyopita. Kazi hiyo humwangukia mnunuzi mwenyewe, na aifanye kabla ya kulipa.