Kupima Moyo kwa Maneno ya Wengine

Ewe msomaji wa Funyula, ukivuka mpaka kwenda Uganda wakuta Wasamia wenzako, nao wakupokea bila mkalimani. Walakini maswali ya kupima moyo wa mtu hayavuki mipaka kwa wepesi huo, na kwa ajili hiyo watu wa Afrika ya Mashariki walipata kusingiziwa jambo kubwa.

Tangu 1938 hata 1950 Daktari J. C. Carothers aliisimamia hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi. Katika 1953 Shirika la Afya Duniani lilipiga chapa kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika. Humo alishikilia ya kuwa sonona, yaani huzuni nzito isiyomwacha mtu, ni nadra kwa Waafrika. Na alipotafuta sababu, hakuuacha hata ubongo wao. Lakini fikiri alivyohesabu. Hesabu zake alizitoa hasa kwa walioletwa hospitalini. Na nani huletwa? Ni yule apigaye watu, au atembeaye uchi sokoni. Mama aliyejikunja nyumbani, asiyekula wala kulala, hakumsumbua mtu, basi hakuhesabiwa.

Jibu lilitoka Uganda. John Orley, aliyekaa na kujifunza kati ya Waganda, na J. K. Wing wa London, walichukua maswali yaliyotumiwa na madaktari wa Uingereza, yakatafsiriwa kwa Kiganda, yakapelekwa vijijini badala ya hospitalini. Mwaka 1979 walitangaza ya kuwa sonona katika vijiji viwili ilizidi ile iliyopatikana Camberwell, mtaa wa London. Ugonjwa ulikuwapo siku zote. Aliyekosekana ni mwulizaji.

Hata hivyo usidhani kwamba kutafsiri kwatosha. Iko orodha ya maswali 25 iliyotoka Marekani, iitwayo kwa jina la Hopkins. Swali lake moja, ukilifuata neno kwa neno, lauliza kama mtu anajiona kuwa wa rangi ya buluu! Kwa Mwingereza hiyo ni huzuni. Kwa mama wa Dar es Salaam ni kichekesho. Kwa hiyo kazi huenda polepole. Mmoja hutafsiri, wa pili, asiyeiona hati ya kwanza, huirudisha katika lugha ilikotoka, kisha hati mbili hulinganishwa. Baadaye huja jambo gumu zaidi, yaani kuyalinganisha majibu na uamuzi wa daktari aliyezungumza na watu wale wale, ili ijulikane ni alama ngapi zaonyesha ugonjwa mahali pale. Sylvia Kaaya na wenzake waliipima orodha hiyo hivyo kwa wanawake waja wazito wenye virusi vya Ukimwi huko Dar es Salaam, wakaeleza matokeo 2002. Mwaka 2008 wakatoa orodha yao wenyewe ya maswali 19, yenye maneno ambayo wenyeji hutumia kueleza dhiki zao.

Katika Rakai na Masaka watafiti walianza na wanakijiji wenyewe: Ukimwi umewaletea nini mioyoni? Wakatajiwa, kati ya mengine, okwekyawa, yaani kujichukia. Neno hilo likaingia katika kipimo, na kwa kipimo hicho wagonjwa wa vijiji 30 walitambuliwa. Baadhi yao wakatibiwa kwa mazungumzo ya vikundi, wakapata nafuu kubwa, kama ilivyoandikwa 2003.

Sasa jambo lenyewe limefika katika simu yako. Mwaka 2014 kilitangazwa kipimo kilichotungwa Japani kwa wanafunzi wa sekondari, cha kujua jinsi mtu ajiachiavyo katika intaneti, akaandika asiyothubutu kuyasema uso kwa uso. Kimekwisha kugeuzwa kwa Kituruki. Kikija Busia, kitauliza kwa neno gani? Katika Kiswahili haya humzuia mtu kabla hajatenda, na aibu humpata akiisha kutenda. Mtafsiri atakayezichanganya atakuwa ameuliza swali jingine kabisa. Na kwa Kisamia je? Muulize bibi yako, ukamsikilize atakavyozitenga hizo mbili.