Saratani ya matiti na mabadiliko ya damu

Mama mwenye saratani ya matiti anaweza kupata upungufu wa damu. Sababu ni kama kidonda cha titi kinachovuja damu, saratani kuingia kwenye uboho wa mifupa, ambako damu hutengenezwa, au dawa za tibakemikali.

Dalili: uchovu, kizunguzungu, moyo kwenda mbio, viganja kupauka. Kwetu Makongolosi wengi hudhani ni malaria. Pima kwanza.

Kwa unayemhudumia mgonjwa

- Chembe nyeupe za damu hupungua, hasa siku 7 hadi 14 baada ya dozi ya tibakemikali. Homa ya nyuzi 38 au zaidi ni dharura, msisubiri kukuche.
- Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikibana ghafla, huenda damu imeganda kwenye mshipa. Wahini hospitali.

Kumbuka: damu ikiwa nzuri, haimaanishi huna saratani. Uvimbe wa titi huthibitishwa kwa kuchukua kinyama na kukipima. Vidonge vya kuongeza damu haviutibu. Ukiugusa uvimbe, hata usiouma, nenda kituo cha afya upate rufaa ya Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya.