Dereva wa treni alianzia kwenye masizi

Mtu wa Ubena Zomozi akitaka treni ya umeme huenda Ngerengere. Tangu safari za reli hiyo mpya, SGR, kati ya Dar es Salaam na Morogoro zianze, 14 Juni 2024, gumzo limekuwa mwendo wa kilomita 160 kwa saa, viyoyozi na bei ya tiketi. Anayeiendesha hatajwi sana, wala aliyemtangulia kwenye reli ya zamani hapo jirani.

Reli hiyo ya zamani Wajerumani waliianzia Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907 na Kigoma 1914. Bagamoyo, iliyopokea misafara ya bara kwa miaka mingi, ikaachwa kando. Wilaya yake ilikuja kukatizwa na reli mwaka 1963, ilipofunguliwa njia ya kutoka Ruvu hadi Mnyusi.

Enzi za mvuke, udereva ulikuwa ngazi, na kipago cha kwanza kilikuwa masizi. Kijana aliajiriwa kusafisha vichwa vya treni karakanani: kukomba majivu, kufuta grisi, kupaka mafuta. Akionekana ana bidii, alipandishwa kuwa fayamani, mchochea moto. Hapo alijifunza kuamka kabla ya alfajiri ili stimu ipande mapema, na kutobandua macho kwenye kioo cha maji. Maji yakishuka mno juu ya tanuru, tangi la mvuke huweza kulipuka na kuua wote waliomo. Pia aliijua njia kwa moyo: mlima unaanzia wapi, kona ipi ni kali, wapi ukichelewa kufunga breki mabehewa yatakusukuma. Mwalimu wake alikuwa dereva aliyekaa naye bega kwa bega, na kama mzee huyo alikuwa mkali au mchoyo wa maarifa, shauri ya kijana. Kisha mtihani wa kanuni na ishara, kushunti mabehewa stesheni, treni za mizigo, na mwisho kabisa abiria.

Ngazi hiyo, hata hivyo, ilikuwa na dari. Chini ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, lililoundwa 1948, vyeo na mishahara vilifuata rangi. Treni kubwa zilikuwa hasa za Wazungu na Wahindi, wakiwemo Makalasinga wengi. Waafrika walio wengi walizeekea ufayamani. Mtu aliweza kumfundisha kazi kijana wa Kizungu kisha akamwita bwana.

Februari 1960 chama cha wafanyakazi Waafrika wa reli Tanganyika, TRAU, kikiongozwa na Kasanga Tumbo, kiligoma. Mgomo ulidumu siku 82. Hoja ya mezani ilikuwa mishahara, lakini nyuma yake, kwa maoni yangu, lilikuwepo swali la nani ashike breki. Anayetaka undani wa vyama vya enzi hiyo asome Vuta Kamba cha William Friedland (1969). Tumbo hakutulia hata baada ya Uhuru: mwaka 1962 alipewa ubalozi London, akauacha, akageuka mpinzani wa serikali. Mwaka huohuo sheria mpya ikaifanya migomo iwe karibu haiwezekani.

Yaliyofuata yanajulikana: Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, Shirika la Reli Tanzania likaundwa, Chuo cha Reli Tabora kikabeba mafunzo. Tarehe 24 Juni 2002, huko Igandu, treni ya abiria ilirudi nyuma mlimani na kuua zaidi ya watu 280, na nchi nzima ikajua maana ya breki.

Nairobi ina jumba la makumbusho ya reli tangu 1971. Humo kimehifadhiwa kichwa kikubwa cha Garratt kiitwacho Mount Shengena, jina la kilele kilichoko Upare, Tanzania! Sisi tuna mlima wenyewe. Mafayamani wetu hawana hata chumba kimoja chenye picha zao pale stesheni ya zamani ya Dar es Salaam, na waliobaki hai ni wazee sana.