Sumu Iliyofichua Mirija ya Seli

Kwa karne nyingi, aliyeshikwa na jongo, kidole gumba cha mguu kikavimba hadi asistahimili hata kuguswa na shuka, alikuwa na tegemeo moja: mmea wa Colchicum wa Ulaya na Asia Magharibi. Tabibu Alexander wa Tralles aliuandikia wagonjwa wake tangu karne ya 6. Ilikuwa dawa ya kuogopwa. Kipimo kikizidi kidogo, mgonjwa hutapika, huharisha, na huenda akafa. Sumu hiyohiyo, kolchisini, imo pia katika Gloriosa superba, mmea utambaao wenye maua mekundu na manjano, uotao porini Kenya na Tanzania. Viazi vyake vimeshaua watu na mifugo.

Mwaka 1820, Pierre-Joseph Pelletier na Joseph Caventou wa Paris, walewale waliopata kwinini mwaka huohuo, walifanikiwa kutoa kiini cha Colchicum. Namna kinavyofanya kazi mwilini ilibaki fumbo.

Dokezo la kwanza lilitoka Palermo mwaka 1889. Biagio Pernice alichunguza mbwa waliopewa Colchicum, akakuta seli nyingi mno za tumbo na utumbo zikiwa katikati ya kugawanyika. Andiko lake likasahauliwa. Miaka ya 1930, Albert Dustin na wanafunzi wake mjini Brussels waliligundua upya jambo hilo na kulielewa vizuri zaidi: seli zile hazikuwa zikigawanyika kwa kasi, zilikuwa zimekwama. Kromosomu zilikuwa tayari kutengana, ila hapakuwa na cha kuzivuta. Wataalamu wa mimea waliichangamkia sumu hiyo, kwa kuwa ilizidisha kromosomu maradufu. Tikitimaji lisilo na mbegu, kazi ya Hitoshi Kihara wa Japani, lilipatikana kwa njia hiyo.

Lakini ni nini hasa kinachozivuta kromosomu? Nyuzi zilikuwa zikionekana katika seli zilizouawa na kutiwa rangi, na wengi walishuku kwamba zilizalishwa na dawa za maabara tu. Ubishi huo ulimalizwa na Shinya Inoué mwanzoni mwa miaka ya 1950. Alijiundia hadubini ya mwanga uliochujwa utikisike katika mwelekeo mmoja tu, akatazama mayai ya mnyoo wa baharini na seli za yungiyungi zikiwa hai. Nyuzi zilikuwapo, ziking'aa. Alipozipoza zilififia hadi zikatoweka. Joto liliporudi, nazo zikarudi. Kolchisini nayo ilizifuta. Kwangu hili ndilo jaribio zuri kuliko yote katika historia hii, kwa sababu lilionyesha kwamba nyuzi hizo huundwa kwa vipande ambavyo seli huvitenganisha na kuvitumia tena.

Mwaka 1963, dawa mpya ya kuhifadhi seli, glutaraldehidi, iliwawezesha watumiaji wa hadubini ya elektroni kuona kwamba nyuzi zile ni mirija. Myron Ledbetter na Keith Porter waliikuta katika seli za mimea, wakaiita maikrotubuli. Upana wake ni takriban nanomita 25.

Ilibaki kuipata protini inayoiunda mirija hiyo, na hapo sumu ikageuzwa chambo. Huko Chicago, Edwin Taylor na mwanafunzi wake Gary Borisy waliitia kolchisini alama ya mionzi, wakatafuta itang'ang'ania wapi. Ilitarajiwa kunata zaidi penye seli zinazogawanyika. Badala yake ilinata kwa wingi kwenye ubongo, ambako neva hazigawanyiki kabisa! Maelezo yake ni haya: neva ina mkia mrefu, na maikrotubuli ndizo reli zinazopitisha mizigo yake hadi mwisho. Makala yao ilitoka mwaka 1967. Mwaka uliofuata Hideo Mohri wa Japani akaipa protini hiyo jina la tubulini. Tangu hapo, maabara nyingi zimekuwa zikichukua bongo za nguruwe na ng'ombe machinjioni ili kupata tubulini.

Tubulini huja kwa jozi, alfa na beta. Kolchisini hujipachika kati ya wawili hao, jozi ikapinda na kushindwa kukaa sawa katika mrija. Mwaka 1972 Richard Weisenberg alifaulu kuunda mirija nje ya seli, baada ya kuondoa kalsiamu. Kisha mwaka 1984 Tim Mitchison na Marc Kirschner walionyesha kwamba mrija hurefuka polepole na kubomoka kwa ghafla, huku jirani yake ukiendelea kukua. Kinachoulinda ni tubulini yenye GTP, molekuli ya nishati, nchani. Kinga hiyo ikiisha, mrija huporomoka.

Sumu nyingine zilifuata njia hiyohiyo. Ua la vinka, ambalo asili yake ni Madagaska, lilitoa vinkristini, inayozuia mirija kuundwa na hivyo kukwamisha seli za saratani. Mwaka 1967, mwaka uleule wa makala ya Chicago, kituo cha kutibu limfoma, aina ya saratani, kilifunguliwa Mulago, Kampala, kwa ajili ya watoto wenye uvimbe wa taya ulioelezwa na daktari Denis Burkitt mwaka 1958. Vinkristini ilikuwa miongoni mwa dawa zilizotumika huko, na baadhi ya watoto walipona. Hadi leo wanaotibiwa nayo hupata ganzi ya vidole vya mikono na miguu, kwa kuwa dawa inayoisimamisha saratani huzigusa pia reli za neva zao.