Joto, Bakteria wa Utumbo na Historia ya Mbung'o katika Wilaya za Biharamulo na Ngara

Historia ya Biharamulo na Ngara haikamiliki bila mbung'o. Sotoka ya miaka ya 1890 iliangamiza ng'ombe. Malisho yakageuka vichaka, na mbung'o wakaenea. Katika miaka ya 1920 na 1930, serikali ya Waingereza iliwahamisha watu wengi wa magharibi mwa Tanganyika, wakiwemo wa Biharamulo, na kuwakusanya katika makazi maalumu ili kuwakinga na malale. Mwaka 1971 John Ford alihoji hekima ya hatua za namna hiyo, akieleza kuwa wakazi walikuwa na njia zao za kuishi na mdudu huyo. Makala hii inakubaliana naye, ila inaongeza jambo moja: joto.

Franz Stuhlmann, aliyepita Bukoba na Karagwe pamoja na Emin Pasha, baadaye aliongoza taasisi ya utafiti ya Amani. Mwaka 1907 alieleza viumbe vidogo mno alivyoviona katika utumbo wa mbung'o. Mwaka 1995 bakteria hao walipewa jina la Wigglesworthia, kwa heshima ya V. B. Wigglesworth, aliyechunguza mmeng'enyo wa mbung'o mwaka 1929. Mbung'o hula damu tupu, nayo ina upungufu wa vitamini za kundi B, bakteria humtengenezea. Mama humrithisha mwanawe kwa maziwa anayomlisha tumboni. Jike aliyewapoteza huwa tasa.

Mdudu huyu hana joto lake mwenyewe. Hutegemea la mahali alipo, na bakteria wake vivyo hivyo. Kwa vidukari wanaofyonza utomvu wa mimea, imethibitika kuwa joto kali huua bakteria wa aina hiyo na kupunguza uzazi. Kwa mbung'o, pupa aliyelala udongoni hustawi takribani kati ya nyuzi 16 na 32 za Selsiasi. Kwa hiyo kivuli cha kichaka si maficho tu. Ni paa linalohifadhi uhai wa mdudu na wa wale anaowabeba.

Tukiitazama ramani kwa jicho hilo, tunaelewa kwa nini miinuko ya Bugufi, yenye baridi na iliyolimwa sana, ilitofautiana na misitu ya miombo ya Biharamulo. Jembe na ng'ombe viliondoa kivuli, jua likaufikia udongo. Kumhamisha mkulima kulikuwa kukirudisha kivuli. Watu walioambiwa kwamba kutawanyika kwao ndiyo hatari, huenda mashamba yao yaliyotawanyika ndiyo yaliyokuwa ngome.

Suala hili halijapitwa na wakati. Mwaka 1994 wakimbizi wapatao 250,000 walivuka Rusumo kwa takribani siku moja, na miti mingi ya Benaco ikawa kuni. Mwaka 2019 pori la akiba la Biharamulo likaingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Kila mpaka kati ya shamba na pori huamua pia kivuli kitakuwa wapi. Ni haki wanaoishi mpakani washirikishwe katika kuuchora.